Zile kinini ndogo tunazoziacha farmasi



Jambo ninalotaka tuongee juma hili linatokea kwenye dirisha la farmasi. Muganga ameandika karatasi yenye mistari sita. Mkononi una pesa ya mistari mitatu. Muuzaji anapiga hesabu, anakuangalia usoni, kisha anasema: «Mama, chukua hii ya juu, ndiyo ya maana. Hizi zingine ni za kusaidia tu.» Nani kati yetu hajasikia maneno hayo? Na nani hajarudi nyumbani na ile moja ya juu, akimshukuru Mungu kwamba angalau hiyo imepatikana?

Kuna dawa moja ambayo zile «za kusaidia» hazifai kuchaguliwa kwa bei yake. Ni prednizoni, pamoja na ndugu zake wa jamaa ya kortizoni, kama vile deksametazoni. Ninasema juu ya ile inayotolewa kwa kipimo kikubwa na kwa majuma mengi, si ile ya siku tatu kwa mtoto mwenye pumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si muganga. Haya nimeyajua kwa sababu tangu mwaka jana ninamsindikiza mdogo wangu hospitalini, na mimi ndiye ninayeandika kila kitu katika daftari.

Mdogo wangu ana miaka 29, watoto wawili, na anashona nguo. Alianza kuvimba macho asubuhi, kisha miguu, kisha tumbo. Majirani wengine walisema ni mimba, wengine wakanong’ona kwamba amepewa karuho. Labo ikaonyesha protini nyingi katika mkojo. Figo, ambazo kazi yake ni kuchuja damu na kubakiza vilivyo vizuri, zilikuwa zinaachilia protini ipite kama chujio lililotoboka. Protini ikipungua katika damu, maji yanatoka katika mishipa na kujaa mwilini. Ndiyo sababu ya ule uvimbe.

Muganga aliandika prednizoni, miligramu 1 kwa kila kilo. Alihesabu kilo zake bila yale maji, akapata 55. Kinini zinazopatikana hapa ni za miligramu 5. Hesabu ni rahisi hata kwa wanafunzi wangu: kinini 11 kila asubuhi, pamoja na chakula, kwa majuma mengi, kisha kupunguza pole pole. Chini ya mstari huo kulikuwa na mistari mitano mingine: ivermektini, kotrimoksazoli, izoniazidi na vitamini B6, kalsiamu yenye vitamini D, na omeprazoli.

Mdogo wangu aliponiona ninasoma karatasi ile, akaniuliza: «Yaya, ninaumwa figo tu. Hizi zingine ni za ugonjwa gani?» Lilikuwa swali zuri. Tulirudi ndani tukamuuliza muganga, na jibu lake likachukua karibu nusu saa.

Mwili wetu wenyewe unatengeneza kortizoni yake, katika tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Kwa siku moja inatengeneza kiasi kinachokaribia kinini moja ya miligramu 5. Mdogo wangu alikuwa anapewa mara 11 ya hiyo. Kwa kiasi hicho dawa inawatuliza askari wa mwili. Katika ugonjwa wake hilo ndilo tunalotaka, kwa sababu askari hao ndio waliogeuka na kuharibu chujio la figo. Lakini dawa haijui kuchagua. Inawalaza waliogeuka, inawalaza pia wale wanaolinda malango. Na adui waliokuwa wamejificha siku nyingi wanaona kwamba hakuna mlinzi.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, muganga Philip Hench na wenzake walimpa kortizoni mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Watu waliita dawa hiyo muujiza. Kiisha ndipo walipoanza kuona mifupa inayovunjika, sukari inayopanda, na magonjwa yanayoingia bila kelele. Zile kinini ndogo zilizo chini ya karatasi zimetokana na mafunzo hayo. Kila moja ina lango lake.

Nianze na minyoo. Kuna mnyoo mdogo sana, waganga wanauita strongiloide, unaoingia kwa ngozi ya miguu mtu akikanyaga udongo wenye uchafu. Sisi tuliokua tukienda kisimani na shambani miguu wazi tunaweza kuwa nao. Minyoo mingi huzeeka na kufa ndani ya mtu. Huu unazaa ndani ya mwili na watoto wake wanaingia tena katika mtu yuleyule, kwa hiyo unaweza kukaa miaka makumi bila dalili yoyote, isipokuwa kujikuna na tumbo kuuma mara moja moja. Mtu akipewa prednizoni nyingi, askari wanaouzuia wanalala, na mnyoo unazaa bila kipimo. Unatoka matumboni unaingia mapafu, hata ubongo, ukibeba na vijidudu vya choo. Wengi wanaofikia hapo wanakufa, na familia inasema ugonjwa wa figo ndio ulioua.

Nilimwambia muganga kwamba choo cha mdogo wangu kimepimwa na labo haikuona kitu. Akasema mnyoo huu hautoi mayai mengi ya kuonekana kama minyoo mingine, kwa hiyo choo kisafi si uhakika. Nikamwambia pia kwamba shuleni tunagawa dawa ya minyoo kila kampeni inapofika. Akatabasamu. «Mwalimu, ile ya shuleni ni nzuri kwa minyoo mikubwa. Kwa huu ina nguvu kidogo. Dawa yake ni ivermektini.» Ni ileile inayogawiwa vijijini juu ya upofu wa mtoni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mectizan. Ni kinini chache tu, kwa kilo za mtu, na inafaa kutolewa mapema, kabla minyoo haijapata nafasi. Lakini alimuuliza kwanza kama amewahi kuishi misitu ya Uele au Mayombe, kwa sababu huko kuna mnyoo mwingine, ule unaopita katika jicho, na mwenye kuwa nao kwa wingi anaweza kudhurika vibaya akimeza ivermektini. Basi, wamama, msiinunue wenyewe sokoni.

Sasa nifike kwenye kinini iliyotuletea taabu nyumbani. Kotrimoksazoli inalinda mapafu. Kuna kijidudu kinachoitwa pneumosisti ambacho mtu mwenye askari wazima hukishinda bila kujua. Mwenye kumeza prednizoni miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa mwezi mmoja au zaidi, anaweza kushikwa nacho, hasa kama kuna dawa nyingine ya kushusha kinga pamoja nayo. Kikohozi kinakuwa kikavu, pumzi inakuwa fupi, na hali inaharibika kwa haraka. Kotrimoksazoli kidogo kila siku inazuia hayo. Muganga alipima kwanza damu aone figo zinafanya kazi kiasi gani, maana kipimo chake kinafuata nguvu ya figo. Akasema pia: ngozi ikitoa malengelenge, au mdomo ukitoa vidonda, acheni hiyo mara moja mrudi.

Tatizo ni kwamba hapa kwetu kila mtu anajua nani anameza kotrimoksazoli kila siku. Ni watu wenye virusi vya SIDA. Wao wanaimeza kwa sababu hiyohiyo, kulinda mapafu wakati kinga imeshuka. Wifi yake alikuja kumtembelea, akaona pakiti juu ya meza ya cherehani. Hakuuliza. Alienda akasema kwa mama mkwe, mama mkwe akasema kwa shemeji zetu, na juma lililofuata wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa.

Mdogo wangu alinipigia simu usiku. «Yaya, hii ya mapafu ninaiacha. Ile ya figo nitaendelea nayo. Afadhali nikohoe kuliko waniite hivyo mbele ya watoto wangu.»

Nilimwelewa kabisa. Aibu nayo inaweza kumwangusha mtu. Lakini kuacha ile ndogo na kuendelea na ile kubwa ni kumwondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Asubuhi nilienda kwake. Hatukugombana na mtu. Tulimwomba mume wake aje nasi hospitalini siku ya kipimo, na akamwita mama yake pia. Muuguzi mmoja, mama mzima mwenye maneno ya pole, aliwakalisha akawaeleza kinini moja moja. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Basi kumbe hii ni kama kufunga dirisha wakati baba hayupo.» Tangu siku ile yeye ndiye anayemkumbusha. Wifi hajaomba radhi, lakini alileta kitambaa chake kishonwe, na kwetu hiyo ni lugha.

Ninaongeza jambo moja, kwa kuwa katika chama chetu wako dada wanaoishi na virusi na wanaotunza dawa zao vizuri. Kumtetea mdogo wangu hakukuhitaji kuwadharau wao. Kinini ni ileile na mapafu ni yaleyale. Aliye na aibu ni yule anayehesabu kinini za mwenzake.

Lango la tatu ni kifua kikuu. Baba mkwe wake alitibiwa ugonjwa huo mwaka uliotangulia, katika nyumba ileile. Mtu anaweza kubeba kijidudu chake kimelala, bila kukohoa na bila kuambukiza mtu. Prednizoni nyingi inaweza kukiamsha. Kwa hiyo walipiga radio ya kifua, wakapima makohozi, wakahakikisha hana ugonjwa wenyewe. Hilo linatangulia, kwa sababu dawa moja peke yake ikipewa mtu aliye tayari mgonjwa, kijidudu kinaizoea. Ndipo akaanzishiwa izoniazidi ya miezi sita, na vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu isiwashe miguu na mikono. Hiyo hatukuinunua: tuliipata bure katika kituo cha kifua kikuu. Tuliambiwa tuangalie macho: yakiwa ya manjano, au mkojo ukiwa mweusi, au chakula kikimkinai, turudi upesi, kwa sababu ya ini. Na pombe ikae mbali.

Walitafuta pia hepatiti B katika damu, kwa kuwa virusi vyake navyo vinaweza kuamka. Hakuwa navyo. Angekuwa navyo, kungekuwa na kinini nyingine tena.

Mifupa ni lango ambalo watu hawalioni kwa sababu haliumi mapema. Prednizoni inazuia tumbo lisichukue kalsiamu vizuri, inaitoa kwa mkojo, na inawachosha wale wajenzi wa mfupa. Upungufu unaanza katika miezi ya kwanza. Kwa hiyo kalsiamu na vitamini D zinaanza pamoja na prednizoni. Na chakula kinasaidia: sambaza wa Kivu na ndagala wa Tanganyika, wakiliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi, ila wasiwe wale waliojaa chumvi. Chumvi na kube za mchuzi zilipunguzwa sana nyumbani kwake, juu ya uvimbe na juu ya tansio. Sukari ya damu nayo inapimwa mara kwa mara, maana dawa hii inaipandisha.

Kulibaki omeprazoli, ya tumbo. Hapo ndipo mambo ya pesa yalipotusaidia kuuliza vizuri. Kwenye farmasi moja muuzaji alikuwa ameshauri tuchukue prednizoni na omeprazoli, tuache nyingine zote, kwa sababu kila mtu anajua prednizoni inachoma tumbo. Tulirudi kwa muganga na orodha. Nilimwambia wazi: «Dokta, pesa haifikii zote. Utuonyeshe wewe ipi inaweza kungoja.» Hakukasirika. Alichukua kalamu, akaweka alama. Ivermektini na kotrimoksazoli: zisikose. Izoniazidi: bure. Kalsiamu: muhimu, lakini siku chache za kungoja mshahara hazitaua. Omeprazoli: kama hajawahi kuwa na vidonda vya tumbo, na kama hatameza diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, inaweza kuachwa. Hatari kubwa kwa tumbo inatoka pale prednizoni inapochanganywa na hizo za maumivu.

Muuzaji, basi, alikuwa amegeuza orodha juu chini. Simlaumu sana, yeye anauza, hakumpima mgonjwa. Lakini fikirini ni wamama wangapi wamefuata shauri la namna hiyo kwa nia njema, kwa sababu hakuna aliyewapangia karatasi yao.

Kuna mambo matatu ambayo hayauzwi farmasi lakini ni ya ulinzi uleule. La kwanza, homa. Prednizoni inaweza kuificha, kwa hiyo joto dogo, kikohozi, au kukosa pumzi haingojewi mpaka kesho, na chandarua hakiachwi. La pili, chanjo. Zile zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, hazitolewi kwa mtu aliye katikati ya kipimo kikubwa. Kampeni ikifika mtaani, aseme anachomeza. Na akikaa karibu na mtoto mwenye surua au tetekuwanga, amwambie muganga siku hiyohiyo. La tatu, kutoacha ghafula. Baada ya majuma yapata matatu, zile tezi za juu ya figo zinalala, kwa kuwa kazi yao inafanywa na kinini. Mtu akiacha mara moja, mwili unabaki bila kitu: udhaifu, kutapika, tansio kuanguka, hata kufa. Ndiyo maana tunanunua prednizoni kabla haijaisha, si siku inapoisha.

Hapo siwezi kunyamaza juu ya zile kinini za kunenepesha zinazouzwa sokoni bila karatasi. Wasichana wetu wanazijua. Nyingi ni deksametazoni, ndugu ya prednizoni na yenye nguvu zaidi: miligramu moja yake inakaribia miligramu 6 au 7 za prednizoni. Mashavu yanajaa, watu wanasema «umependeza», lakini ni maji na mafuta yaliyohamia usoni na tumboni, huku mapaja yanakonda. Na msichana huyo hana ivermektini, hana kotrimoksazoli, hana kalsiamu, hakuna aliyempima sukari. Amewalaza askari wote bila kuweka mlinzi hata mmoja. Akichoka nazo anaziacha ghafula. Kama yuko binti wa namna hiyo nyumbani kwako, usimpige kelele na usimnyang’anye pakiti. Mpeleke kwa muganga amshushe pole pole.

Mdogo wangu leo yuko wapi? Uvimbe uliisha baada ya majuma machache, na mkojo wa mwisho haukuwa na protini. Kutoka kinini 11 ameshuka mpaka 4. Uso bado ni wa mviringo, na usingizi haujarudi vizuri. Anashona. Ugonjwa huu unaweza kurudi, tunajua, kwa hiyo daftari halijafungwa.

Wamama, nina ombi kwa vikundi vyetu. Mtu akiwa mgonjwa, tunachanga ili anunue «dawa». Tuanze kuuliza dawa gani, na tuchange kwa zile ndogo pia. Katika likelemba yetu tayari tumekubali kwamba mwenye mgonjwa wa matibabu marefu anaweza kupokea zamu yake mbele. Na kila anayemsindikiza mtu aliyeandikiwa prednizoni nyingi aende na maswali haya manne, yaandikwe hata kwenye mkono:

Je, ameangaliwa minyoo, kifua kikuu na hepatiti B?

Kila kinini hapa inalinda nini, na tutaimeza mpaka lini?

Pesa ikipungua, ipi isikose na ipi inaweza kungoja?

Ni dalili gani ituletee hapa usiku uleule?

Muganga mwenye moyo hataona vibaya kuulizwa. Na tukiuliza wengi, hata wale wasiozoea kueleza watazoea. Muwe na afya njema, na msalimu wagonjwa wenu.